Gumba la Kalunde

Misigalo aliiweka juu ya meza yangu ya saa,
Kanyenye, saa nne asubuhi, jua la Oktoba
limekwisha kuanza kuchungulia chini ya bati.
Donge la nta, ukubwa wa andazi,
na ndani yake, kama jicho la mgonjwa,
upande mmoja wa sarafu ukitazama nje, mweusi.

"Nimenunua dawa ya meno," akasema. "Na brashi mpya.
Kuna mtu wa Kahama kapiga simu. Anaitaka iking'aa."

Nikamwambia, rudisha brashi mfukoni.
Fedha haisuguliwi. Ukiisugua unaichuna ngozi,
na ngozi ya fedha haioti tena.
Mtu wa Kahama akiona michirizi ya brashi
atakulipa kwa uzito, kama misumari.
Na ushike ukingo. Ukingo, nimesema. Uso uache.

Bibi yake, Kalunde wa Sikonge, alitunzwa
na chama cha warina asali, mwaka themanini na moja:
sarafu ya ukumbusho, miaka ishirini ya uhuru,
fedha ya fedha,
ambayo hakuna aliyethubutu kuinunulia chumvi.
Themanini na tatu, siku za msako,
walipopekua hadi chini ya vitanda wakitafuta sabuni,
Kalunde akayeyusha nta kwenye sufuria ya mboga,
akaizamisha humo,
akaisahau, au akajifanya kuisahau.

Nikavaa lenzi. Mgongoni mwa nta
palikuwa na gumba.
Gumba zima, mistari ikizunguka
kama dimbwi lililodondokewa na tone moja,
na kovu limeikatiza katikati.

Misigalo akainama, akanyamaza kidogo.
"Shoka la mizinga," akasema. "Kitabuni mwa chama
alikuwa anatia dole. Karani hakuhitaji kusoma jina."

Petroli ingeimaliza nta kwa dakika mbili.
Nimelipwa kupima sarafu, sikulipwa kutunza nta.
Nikamtuma barafu, duka la soda, ng'ambo ya barabara.

Nta ikipoa hujikunyata; fedha haina habari.
Tukangoja. Treni ya Kigoma ikapiga honi,
ikabaki palepale.
Halafu, tik,
sauti ya mtu anayevunja ukucha,
na sarafu ikajitoa, ikalala kwenye flana,
upande uliofichwa ukiwa mweupe wa kiwandani,
usiojua bei ya sukari wala msiba wowote.

Maji ya betri, matone matatu.
Pamba iguse, isifute.
Mizani: gramu ishirini na nane na kitu.
Sumaku haikuitaka.
Nikaisimamisha kwenye ncha ya kidole, nikaigonga na penseli,
ikalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nikaandika juu ya bahasha:
*Kichwa: hamsini na tano kati ya sabini.
Weusi ni wa hewa, ni halali yake, usiguswe.
Mwaka: sitini na nne. Mkwaruzo mmoja, karibu na herufi ya mwisho.
Isitiwe plastiki laini. Isifungwe rababendi.*

Akalipa, akaondoka mbio, simu sikioni.

Ganda la nta likabaki mezani.
Ndani yake sarafu nyingine, ya shimo,
maandishi yakienda kinyumenyume kama mtu anayerudi nyumbani.
Nje yake, Kalunde.
Nikachukua bahasha ya pili, nikachonga penseli.
Nikaandika *Nta*, nikaweka nukta mbili,
nikakaa.
Jua likafika mezani. Nikalisogeza ganda kivulini,
nikarudi kwenye saa ya mwalimu mmoja, iliyoingia vumbi.

Alasiri mlango ukatiwa giza. Misigalo, jasho tupu.
"Kuna kitu nimekisahau," akasema, hakusema nini.
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Aliliokota taratibu, kwa vidole viwili.
Alilishika ukingo.